Mgeni wa Kengeja

Mtu akishuka chomboni katika bandari ya Mkoani, akapanda gari mpaka Mtambile, kisha akaiacha njia kuu iendayo Chake Chake na kushika ile ya Mwambe, hufika Kengeja kabla macho yake hayajachoka kutazama. Njia nzima ni vilima na mabonde. Juu mikarafuu na minazi, chini mpunga na migomba. Kengeja si mji wa fahari. Una skuli, misikiti, maduka madogo, vibaraza mbele ya nyumba, na mchezo wa ng'ombe ambao ndio uliolifanya jina lake litajwe kisiwani kote. Watu wake wanajuana mpaka kwa majina ya mababu, na kwa hiyo ni mahali pagumu kwa mtu kujificha, na pagumu zaidi kwa mtu kunyamaza bila ya kimya chake kujulikana maana.

Katika mwezi wa Agosti mwaka 2015 alifika hapo binti wa miaka 24, mwanafunzi kutoka Leipzig katika nchi ya Ujerumani. Alikuwa amekwisha kujifunza Kiswahili miaka mitatu kwao na miezi michache Unguja, akakisema kwa ufasaha wa kitabu, yaani pasipo kosa na pasipo ladha. Mkobani mwake mlikuwa na kinasa sauti, madaftari manne, kibali cha utafiti, na nakala ya kazi ya W. H. Whiteley juu ya lahaja na tungo za Pemba, iliyopigwa chapa mwaka 1958. Haja yake ilikuwa kutazama ni maneno gani ya zamani yangali vinywani mwa watu wa kusini, na hasa vinywani mwa wanawake, ambao wachunguzi wa kale hawakukaa nao sana jikoni. Alipewa chumba katika nyumba ya mjane mmoja mtu mzima, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, naye akamwita vivyo hivyo.

Wiki ya kwanza ilipotea bure. Binti alikuwa ameandaa maswali mia na zaidi, yamepangwa kwa nambari, naye Bibi aliyajibu yote kwa adabu kubwa na kwa neno moja: "Ndiyo, mwanangu." Hapana adui wa mazungumzo kama karatasi ya maswali. Siku ya nane Bibi alimwita uani, akamkalisha kwenye jamvi penye chungu ya karafuu mbichi, akamwambia, "Kaa hapa, ufanye kazi. Mikono ikishughulika, mdomo hufunguka wenyewe."

Ulikuwa ni msimu. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, sehemu kubwa ya zao hili hutoka Pemba, na katika miezi ya mavuno hakuna nyumba isiyonuka karafuu. Huchumwa pamoja na vikonyo vyake. Kazi ya jioni ni kuzichambua, karafuu upande huu na makonyo upande huu, kisha huanikwa juani juu ya majamvi hata zikageuka kutoka ukijani na wekundu zikawa rangi ya kahawa. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi ni vibaba vinne. Pale jamvini, wanawake watano au sita wakichambua huku vidole vimegeuka weusi, binti alisikia zaidi katika jioni moja kuliko aliyoyasikia katika wiki nzima ya maswali. Alisikia vicheko ambavyo haviandikiki, na vitenzi alivyokuwa akivitafuta vikipita mbele yake kama kuku wa jirani.

Alijifunza pia kwamba salamu ya Kengeja si neno bali ni safari. Mtu huulizwa hali yake, kisha watu wa nyumbani, kisha watoto, kisha mgonjwa aliyesikiwa kuwa na homa juzi, kisha karafuu zimekauka vipi, kisha hurudiwa tena hali yake kana kwamba yaliyosemwa mwanzo yalikuwa ya kupisha njia tu. Kutoka mlangoni kwa Bibi mpaka dukani palikuwa na hatua thelathini, binti alizihesabu. Hatua hizo zilimchukua nusu saa. Mwanzo alinung'unika katika daftari lake kuwa salamu zinamla muda wa kazi.

Duka lile lilikuwa la mtoto wa dada yake Bibi. Dada mwenyewe, mkubwa wa Bibi kwa miaka miwili, alikaa katika chumba cha nyuma ya duka, miguu imemvimba, hatoki. Kila siku baada ya sala ya alasiri Bibi alijifunga kanga yake, akaenda kukaa na dada yake mpaka magharibi. Binti alipokuwa akichora ramani ya mtaa, nyumba na visima na vibaraza, aliuchora mstari kutoka nyumba ya Bibi mpaka nyuma ya duka kwa wino mzito, maana ndiyo njia iliyokanyagwa kuliko zote.

Uwanja wa ng'ombe aliuchora pia, ijapokuwa aliuona mtupu. Wenyeji husema kuwa mchezo huo ni masalio ya Wareno, waliotolewa katika pwani hii mwishoni mwa karne ya 17. Ng'ombe hauawi, hutiwa kamba, hupigiwa ngoma na zumari, huchokozwa kwa nguo na vijana wenye miguu myepesi, kisha hurudi zizini akiwa mzima. Binti aliuliza kila wiki mchezo utakuwa lini. Alijibiwa kila wiki, "Baada ya uchaguzi, inshallah." Aliondoka asiuone.

Mtu aliyemfaa kuliko wote katika kazi yake alikuwa mzee mmoja wa kibaraza cha karibu na msikiti, mcheza bao, mwenye umri wa miaka zaidi ya themanini na kumbukumbu isiyo na vumbi. Siku ya kwanza alimtazama binti kwa muda mrefu, akamwuliza, "Watoka Ujerumani. Ujerumani ipi?"

Binti alicheka, akasema kuwa sasa Ujerumani ni moja, na kwamba yeye alizaliwa mwaka mmoja baada ya kuungana.

"Na Leipzig ilikuwa upande upi?"

"Mashariki, Babu."

Mzee aliitika kwa kichwa, asicheke. Vijana waliokuwapo hawakuielewa sababu, lakini watu wa rika lake waliielewa. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Ujerumani ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa rafiki wa kwanza wa Zanzibar. Walitoka huko waliojenga nyumba za Kikwajuni, na walitoka huko pia waliosaidia mambo ya usalama. Kwa mzee yule neno "Leipzig" halikuwa jina la chuo tu. Hata hivyo baada ya mwezi mmoja wa kumtazama akichambua karafuu na kushindwa katika bao, alikubali kusema mbele ya kinasa sauti.

Alisema dakika arobaini na saba bila ya kusita. Alieleza zama za siasa: uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957, na ule wa Januari 1961 ambao kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja, na ule wa Juni mwaka huo huo ulioleta maafa Unguja. Lakini vyama hakuvikalia sana. Alichokikalia ni namna watu walivyohamana: duka la fulani likaachwa, gari la fulani halikupandwa, kisima kikagawanywa asubuhi na jioni. Kisha akataja nani hakumzika nani. Alitaja kwa majina, na majina ya baba zao, na mahali pa makaburi. Usemi wake katika sehemu hiyo ulirudi nyuma miaka hamsini. Viambishi alivyovitafuta binti katika kitabu cha 1958 vilikuwa hai vyote, vimejaa ghadhabu na huzuni. Usiku ule alisikiliza mara mbili, akajua kuwa tasnifu yake imepatikana.

Mwaka ule wagombea wawili wakubwa wa urais wa Zanzibar walikuwa wote wana wa Pemba: Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM, mzaliwa wa Chokocho, katika wilaya hii hii ya Mkoani, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, mzaliwa wa Mtambwe upande wa kaskazini. Kisiwa kilikuwa na kumbukumbu nzito. Kilikumbuka mwaka 1995, ushindi ulipotangazwa kwa tofauti ya chini ya nusu ya asilimia moja. Kilikumbuka Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni katika nchi ya Kenya. Kilikuwa na kumbukumbu njema pia, nayo ni kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambayo asilimia 66.4 ya wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kwa miaka mitano bendera mbili zilipepea katika mtaa mmoja, na wenye bendera hizo wakanywa kahawa ya birika moja. Bibi alikuwa wa upande mmoja, mtoto wa dada yake wa upande wa pili, na jambo hilo lilitaniwa jamvini.

Kura zilipigwa 25 Oktoba. Tarehe 28 Oktoba mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi wote. Habari ilifika kwa redio wakati wanawake wamo kazini uani. Binti alitazamia kelele, kilio, au matusi. Hapakuwa na lolote. Mikono iliendelea kuchambua, makonyo yakaendelea kuanguka upande wake, na hakuna aliyesema neno mpaka adhana. Katika daftari la siku hiyo mna mstari mmoja tu: "Leo hakuna maneno ya kuandika." Siku zile aliandika hivyo kwa masikitiko ya mwanafunzi aliyekosa kazi, baadaye aliupigia mstari ule chini.

Hapakuwa na mkutano ulioamua, wala tangazo lililobandikwa. Watu waliacha tu. Walioona kuwa kura yao imefutwa waliacha kununua katika maduka ya waliofurahi, au waliodhaniwa kuwa wamefurahi, na jambo hili likaenea katika mitaa mingi ya Pemba. Palipokuwa na salamu ya nusu saa pakawa na kukohoa. Aliyeonewa alikuwa na haki ya hasira yake, na mwenye duka alikuwa na watoto wa kulisha. Mwenye kutaka kupima upande upi una uzito zaidi atapata mizani nyingi Pemba, na hakuna mbili zinazokubaliana.

Binti alijiona hana upande. Siku ya nne alikwenda dukani kama ada yake, akanunua sukari kilo mbili. Mwenye duka alimpimia kwa furaha isiyo ya kawaida, akamwongezea peremende. Binti akarudi hatua thelathini na furushi mkononi, mchana kweupe, mbele ya vibaraza vitatu. Bibi alilipokea, akaliweka rafuni, akatia chai vikombe viwili. Chake alikinywa bila ya sukari.

"Bibi, sukari ipo," alisema binti.

"Naiona, mwanangu."

Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo, na siku ya tatu mtoto wa jirani akaleta sukari nyingine kutoka Mtambile. Furushi la rafuni lilibaki pale mpaka likaingia sisimizi. Bibi hakumkataza binti kwenda dukani, hakumlaumu, hakumweleza. Wanawake wawili waliokuwa wakija jamvini hawakuja tena, na binti alikaa siku kadhaa kabla ya kufahamu kuwa waliokimbiwa hawakuwa karafuu, ni yeye.

Na njia ile ya wino mzito ikaota majani. Bibi hakwenda tena nyuma ya duka, kwa kuwa njia ya kufika nyuma hupita mbele. Ilipofika kiasi cha wiki mbili, jioni moja Bibi aliinamia chungu chake, akasema kama anayekiambia chungu: "Mtu akipita kule nyuma, angetazama kama taa imewashwa."

Binti alitoka. Alimkuta dada mtu kitandani, akakaa naye, akarudi. "Taa inawaka, Bibi. Amekunywa uji. Mguu wa kulia umepungua kidogo." Bibi hakujibu, ila alikoroga. Kesho yake, dada mtu naye aliuambia ukuta: "Mtu yule kifua chake hakipendi baridi ya alfajiri. Angejifunika." Ikawa hivyo kila jioni, miezi mitatu. Halikutajwa jina hata moja, wala hakuna aliyemtuma mtu. Vitabu vya sarufi husema kuwa kiambishi *-nge-* ni cha masharti. Havijakosea, ila vingefaa viongezewe matumizi haya ya Kengeja.

Mwanzoni mwa Januari alifariki mzee mmoja wa upande wa dukani. Maziko katika sheria ya Kiislamu ni faradhi ya kutosheleza: wakiyatekeleza baadhi, waliobaki huwa wamesamehewa. Watu wengi wa mtaa waliikumbuka sheria hiyo siku ile kwa uhodari usio wa kawaida. Kwa desturi jeneza huenda kwa mwendo wa haraka, kila mtu akikimbilia kuingiza bega lake hatua chache apate thawabu. Siku ile mabega yalikuwa machache, yakazunguka yale yale kutoka mbele hadi nyuma. Bibi alifunga mlango na madirisha. Binti, aliyekuwa ukumbini, alimsikia ndani akimsomea marehemu Yaasini kwa sauti ya chini, toka mwanzo mpaka mwisho.

Mtu mmoja tu wa kibaraza cha msikiti alifuata jeneza, naye ni mzee wa bao, akienda nyuma kwa bakora yake. Alipochelewa wakamngojea. Jioni alipokaa penye bao, hakukaa mtu mbele yake.

Tarehe 22 Januari 2016 ilitangazwa kuwa uchaguzi utarudiwa 20 Machi, na CUF ikakataa kushiriki. Siku chache baadaye mzee alimwita binti.

"Ile sauti yangu unayo?"

"Ninayo, Babu."

"Naitaka irudi. Majina yale yana wajukuu, mjukuu wangu. Na wajukuu ndio hawa hawa wasioamkiana leo. Mie nilitaja nani hakumzika nani nikidhani nasema habari za kale."

Binti alimwambia kuwa majina yatafichwa, kwamba hiyo ndiyo kanuni ya wataalamu, kila mtu hupewa herufi tu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. "Na sauti utaificha kwa herufi gani? Hapa mtu husikiwa akikohoa gizani, akajulikana ni wa nani."

Alikitoa kinasa sauti, akaifuta mbele yake. Mzee hakuwa na njia ya kuhakikisha. Alitazama kidole kikibonyeza, akashukuru. Hakujua kuwa nakala ya pili imo katika kompyuta chumbani. Hakuna aliyejua.

Usiku ule binti hakulala. Dakika zile arobaini na saba hazikuwa na mfano wake katika kazi yake yote, na pengine hazikuwa na mfano wake mahali popote; msemaji alikuwa mkongwe na lahaja ile ilikuwa ikizeeka pamoja naye. Mwanachuoni yeyote angeweza kumpa sababu kumi za kuiweka, na zote za heshima. Lakini alikuwa na bibi mwingine, wa Leipzig, mama wa mama yake, ambaye baada ya mafaili ya idara ya usalama ya Ujerumani ya Mashariki kufunguliwa mwaka 1992 alikwenda kusoma lake, akakuta humo maneno aliyoyasema jikoni kwake, yamepigwa taipu vizuri, na tarehe na saa. Bibi huyo hakupata kumweleza mjukuu wake nani aliyeyapeleka. Alisema tu kuwa mwandishi alikuwa na lugha safi.

Kabla ya alfajiri nakala ya pili ilifutwa. Tasnifu ilimalizika mwaka 2017, ikiwa na sura njema juu ya maneno ya karafuu na sura nyembamba juu ya vitenzi. Mtahini mmoja aliuliza kwa nini mifano ya vitenzi ni michache hivyo, naye akajibu kuwa hakubahatika kupata zaidi.

Aliondoka Kengeja mwisho wa Februari, wiki tatu kabla ya kura. Bibi alimfungia karafuu kavu kibaba kimoja katika kitambaa, akamkumbusha asisahau mwavuli, akamwuliza mara mbili kama amekula. Dada mtu alikuwa amekwisha kuagwa jana usiku, na furushi lake la karafuu, la ukubwa ule ule na kitambaa cha namna ile ile, lilikuwa tayari mkobani. Binti alikuwa na mguu mmoja kizingitini Bibi alipokiinamia chungu chake.

"Na kuanzia leo jioni," alikiambia, "mtu gani atakayepita kule nyuma?"

Nje gari la Mtambile lilikuwa likipiga honi.